Valvu ya moyo: ya chuma au ya ng'ombe? Tuanzie kwenye damu

"Shikamoo kaka. Wameniambia nichague, valvu ya chuma au ya ng'ombe. Wewe si ndiye mtu wa damu? Nisaidie."

Ujumbe uliingia saa tano usiku kutoka kwa binti wa mama yangu mdogo. Ana miaka 26, anaishi milimani Usambara. Valvu yake ya mitrali, ule mlango ulio kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto wa moyo, haifunguki vizuri wala haifungi vizuri. Utotoni aliugua mafindofindo mara kwa mara, homa ya rumatiki ikafuata, na kinga ya mwili wake ikaigeukia valvu. Ni habari ya kawaida sana Afrika Mashariki. Ulaya na Marekani wanaobadilishiwa valvu wengi ni wazee, valvu zimechakaa kwa umri. Kwetu ni wasichana wa sekondari, vijana wa bodaboda, akina mama wenye watoto wadogo. Ushauri ulioandikwa kwa ajili ya mzee wa miaka 70 unatuvaa kama suti ya kuazima.

Mimi si daktari wa moyo. Kazi yangu ni maabara, upande wa damu, kwa hiyo nilimjibu kwa kupitia mlango ninaoujua: damu ikikutana na kitu kigeni hufanya nini? Ukilielewa hilo, tofauti za valvu hizi mbili karibu zote zinajieleza.

Damu na ukuta mgeni

Chukua damu ya mtu mmoja, igawe kwenye tyubu mbili, moja ya kioo na moja ya plastiki tupu. Ya kioo itatangulia kuganda. Unaona kwa macho ukiziinamisha kila baada ya nusu dakika. Hakuna jeraha wala kilichokatwa, ni ukuta tu umebadilika. Ndiyo maana tyubu nyingi za plastiki za kupatia seramu hupakwa unga laini wa silika kwa ndani, damu ipate kudhani iko kwenye kioo.

Mwaka 1955 Oscar Ratnoff na mwenzake, huko Cleveland, Marekani, walieleza habari za John Hageman, mfanyakazi wa reli ambaye damu yake ilichelewa mno kuganda kwenye kioo ingawa hakuwa mtu wa kutokwa damu ovyo. Alikosa protini moja, ambayo leo inaitwa faktari ya 12. Hiyo ndiyo inayohisi ukuta mgeni na kupiga kelele ya mwizi. Cha ajabu, Hageman huyohuyo alikuja kufa kwa bonge la damu lililokwama mapafuni. Damu ina njia zaidi ya moja ya kuganda. Liweke hilo akilini, litarudi tukifika kwenye dawa.

Mishipa yetu yenyewe haigandishi damu kwa sababu imetandikwa safu moja ya seli hai ambazo kila dakika zinatoa kemikali za kuzifukuza chembe sahani, zile chembe ndogo za kuzibia majeraha. Ulaini wa mshipa basi ni wa umbo na wa tabia pia. Viwanda vimeweza kuiga umbo; tabia bado.

Ukiweka kitu kigeni kwenye damu, wa kwanza kufika ni protini, si chembe, na hufika ndani ya sekunde chache. Albumini hutua mapema kwa kuwa ni nyingi, kisha inasukumwa pembeni na protini zenye mshiko zaidi, ikiwemo fibrinojeni, ile inayofuma nyuzi za bonge la damu. Kupishana huko kulichunguzwa na Leo Vroman, ambaye mchana alikuwa mtafiti wa damu na kwao Uholanzi anajulikana zaidi kama mshairi. Chembe sahani zinapowasili hazikuti kaboni wala plastiki, zinakuta zulia la protini. Fibrinojeni ikiwa imejikunjua vibaya, zinaishika, zinatoa mikono, zinaita wenzao.

Hapo ndipo mkwaruzo wa uso unapoingia. Chembe sahani ina upana wa mikroni 2 hadi 3 (mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Uso ukiwa na mabonde madogo kuliko hapo kwa mbali, inapita kama baiskeli juu ya lami. Ukiwa na vishimo vya kimo chake, imepata pa kuegesha. Tena nyuma ya kila kinundu mtiririko hupungua kasi, na damu inayozubaa huganda upesi. Chembe nyekundu, zenye mikroni 7 au 8, shida yao ni nyingine: hazing'ang'anii, lakini zikisukumwa kwa nguvu kwenye upenyo mwembamba zinapasuka.

Utasema basi tung'arishe kila kitu. Siyo lazima. Wahandisi wa pampu ya moyo ya HeartMate, ile ya miaka ya 1990, walifanya kinyume: ukuta wa ndani waliujaza vishanga vidogo mno vya titaniamu ili uwe wa kukwaruza makusudi. Damu iliganda juu yake kidogo, ikashika barabara, na gando lile likageuka zulia lenye seli za mwili wenyewe. Wagonjwa wengi wa pampu ile waliishi kwa aspirini tu. Kwa hiyo uso unaoelewana na damu ni ule laini kabisa au ule unaokwaruza kiasi cha kushika moja kwa moja. Hatari iko katikati, pale bonge linaposhika nusunusu kisha linang'oka. Likielekea ubongoni, ni kiharusi.

Hiyo inayoitwa ya chuma

Kwanza si chuma. Milango yake miwili midogo, kila mmoja kama nusu ya kifungo cha koti, ni kaboni ya pairolitiki, aina ya makaa magumu yaliyotengenezwa kwanza kwa ajili ya kufunika chembe za mafuta ya nyuklia. Jack Bokros, aliyekuwa akishughulika na mafuta hayo, ndiye aliyeshirikiana na madaktari kuihamishia kwenye valvu miaka ya 1960. Valvu za kabla yake, kama Starr-Edwards ya mwaka 1960, zilikuwa mpira ndani ya kizimba. Ziliokoa watu wengi, lakini zilizuia damu na kuzipasua chembe nyekundu. Muundo wa milango miwili unaotumika sana leo uliwekwa kwa mgonjwa mara ya kwanza Minnesota, Marekani, mwaka 1977.

Kaboni hiyo hung'arishwa hadi mabonde yake yawe madogo mara nyingi kuliko chembe sahani. Ukiishika inateleza kama kokoto ya mtoni. Pete ya kushonea inayoizunguka, kwa upande mwingine, ni kitambaa cha dakroni, kile cha kukwaruza, na ni makusudi: nyama ya moyo inakua na kuingia katikati ya nyuzi mpaka kitambaa kinafunikwa. Yaani ndani ya kifaa kimoja unakuta mbinu zote mbili nilizotaja.

Udhaifu uko kwenye bawaba. Pale milango inapogeukia kuna vishimo ambamo damu huweza kutuama. Mafundi wameacha upenyo mdogo ili kila valvu inapofunga, damu kidogo irudi nyuma na kuvisuuza. Moyo unapiga mara 100,000 kwa siku, kwa hiyo vinasuuzwa mara 100,000. Haitoshi. Bila dawa ya kuzuia kuganda bonge huanza, na milango ikikwama moyo umefungiwa nje. Nafasi ya mitrali ni mbaya zaidi kuliko ya aota, ule mshipa mkuu unaotoka moyoni, kwa kuwa damu inapita pale kwa msukumo mdogo.

Faida yake ni kwamba haichakai. Kwa kijana inaweza kudumu kuliko yeye mwenyewe. Itakuwa inalia *tik, tik* usiku chumba kikiwa kimya. Wengine huona kero, wengine wasipoisikia ndipo wanapoamka kwa hofu. Na kweli, mtu wa valvu ya aina hii akigundua mlio umefifia ghafla na pumzi inabana, asingoje asubuhi.

Bei unayoilipa ni warfarini, kila siku, maisha yote. Dawa hii ya kuzuia kuganda ilizaliwa Wisconsin, Marekani, na ilianza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948. Nasema hivyo si kukutisha, ila uelewe kwamba nafasi kati ya kiasi kinachokulinda na kiasi kinachokudhuru ni nyembamba. Tunaipima kwa INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda: asiyetumia dawa ana takriban 1, mwenye valvu hii kwenye mitrali anatakiwa awe kati ya 2.5 na 3.5. Chini ya hapo bonge, juu sana ya hapo kuvuja damu. Wengi wananiuliza kuhusu dawa mpya zisizohitaji kupimwa. Dabigatrani ilijaribiwa kwa wenye valvu hizi na jaribio likasimamishwa: waliotumia dawa hiyo walipata mabonge zaidi na kutokwa damu zaidi. Kumbuka njia nyingi za kuganda. Dabigatrani inaziba sehemu moja, warfarini inapunguza faktari kadhaa kwa mpigo. Kwa wenye valvu za kaboni bado hakuna mbadala.

Sasa niseme kitu ambacho kwenye vipeperushi hukioni. INR ni nzuri kama maabara ni nzuri. Damu yake hutolewa kwenye tyubu yenye kifuniko cha bluu, ambayo ina maji ya sitreti ya kuzuia kuganda, na lazima ijae mpaka kwenye alama: sehemu 9 za damu kwa 1 ya sitreti. Ikijaa nusu, majibu yanatoka juu kuliko ukweli, daktari anapunguza dozi, na mgonjwa anarudi nyumbani akiwa hana ulinzi. Nimeshazirudisha tyubu za namna hiyo mara nyingi na kuonekana mkorofi. Na kuna maabara niliyowahi kufanyia kazi ambako kitendanishi cha INR kiliisha wiki 3 nzima. Mzee mmoja mwenye valvu ya kaboni alikuwa anapanda basi kuja kila Jumatatu, tunamwambia kesho.

Chakula kinasemwa sana, hata watu wanaogopa mchicha kama sumu. Mboga za majani zina vitamini K inayopingana na warfarini, ndiyo, lakini kinachoharibu hesabu ni kubadilika: mwezi huu kisamvu na matembele kila siku, mwezi ujao hakuna. Kula kiasi kilekile, dozi itapangwa kukizunguka. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni duka la dawa. Flajili ya tumbo, septrini, dawa ya fangasi ya flukonazoli, zote hupandisha INR. Diklofenaki ya mgongo inaongeza kutokwa damu. Rifampisini ya kifua kikuu inaishusha INR vibaya. Kwetu dawa hizi tunazinunua kama pipi.

Ya ng'ombe, au ya nguruwe

Hii hutengenezwa kwa mfuko unaozunguka moyo wa ng'ombe, ama kwa valvu yenyewe ya nguruwe. Mfaransa Alain Carpentier ndiye aliyeonyesha, mwishoni mwa miaka ya 1960, kwamba ukiiloweka kwenye kemikali iitwayo glutaraldehaidi nyuzi zake hufungamana na mwili wa mgonjwa hauikatai kwa fujo. Ni kazi ya mtengeneza ngozi, kwa ufupi. Nyama ile imekufa, imebaki umbo.

Chini ya hadubini uso wake si laini kama kaboni. Una nyuzi na mikunjo. Hata hivyo damu huivumilia vizuri zaidi. Sababu moja ni jinsi damu inavyopita: milango yake mitatu hulegea na kufunguka katikati kama valvu ya kuzaliwa nayo, hakuna bawaba, kona za kuzubaa ni chache. Baada ya miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, wakati pete ya kitambaa ikifunikwa na nyama, wengi huachishwa warfarini na kubaki na aspirini.

Wengi, si wote. Waliougua mitrali kwa muda mrefu mara nyingi chumba cha juu cha moyo kimetanuka na mapigo yamevurugika, na hilo peke yake linadai warfarini. Mtu wa namna hiyo akiwekewa ya ng'ombe ili aepuke dawa, ameikwepa mvua akaingia mtoni: atameza dawa ileile na valvu itachakaa. Uliza kabla hujachagua: "Daktari, mapigo yangu yako sawa?"

Kuchakaa ndiyo kasoro yake. Mabaki ya glutaraldehaidi huvuta kalisi, nyama inajaa chokaa, inakakamaa, inachanika. Kwa mzee wa miaka 70 inaweza kumaliza miaka 15 bila tatizo. Kwa kijana, ambaye kinga yake ina nguvu na mwili wake unashughulika na kalisi kwa kasi, inaweza kuchoka kabla ya miaka 10. Ndipo unarudi mezani, na upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza kwa sababu makovu yameugandisha moyo kwenye mfupa wa kifua. Siku hizi inawezekana kupitisha valvu mpya kwa mrija kupitia mshipani na kuifungulia ndani ya ile ya zamani. Inapendeza, lakini ni ghali, na haipatikani kila mahali.

Kuhusu nguruwe: ndugu Waislamu wengi huona aibu kuuliza, wakaja kujua baadaye na kuumia moyoni. Uliza mapema. Wanazuoni wengi huruhusu kwa dharura, lakini kwa kuwa ya ng'ombe ipo, mara nyingi hata hiyo dharura haifiki.

Mahali ambapo zinalingana

Vijidudu. Uso wowote mgeni, ulaini wake uweje, ni pahali pa bakteria kujishikiza, na jino bovu ndilo geti lao kubwa. Kabla ya kung'oa jino mwambie daktari wa meno una valvu, akupe antibiotiki. Na kwa aliyetokea kwenye rumatiki, sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4 haikomi kwa sababu umebadilishiwa valvu; zimebaki nyingine ndani. Hapa aina zote mbili ni sare, sina la kuongeza.

Ipi kwa nani

Miongozo ya Marekani na Ulaya hupima zaidi umri: ukiwa chini ya miaka 50 au 60 huelekezwa ya kaboni, ukivuka 65 ya mnyama, katikati mnajadiliana. Kwa kijana wa miaka 35 anayeishi Dar es Salaam, anayeweza kufika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete au maabara nyingine ya uhakika bila kulala njiani, na ambaye ni mtu wa kushika saa, ningemwambia kaboni bila kusita. Vivyo hivyo kwa wa Kampala au Nairobi mwenye mazingira hayo. Kwa mvuvi anayekaa baharini wiki nzima au mtu anayejijua kwamba dawa za siku 5 tu hazimalizi, ningesita sana. Na kabla ya zote mbili, kama daktari anaona valvu yako inaweza kurekebishwa au kupanuliwa kwa puto, shika hapohapo. Valvu yako mwenyewe, hata ikiwa na kiraka, damu inaijua.

Kwa mwanamke anayetaka kuzaa hesabu inageuka. Warfarini hupenya kondo la nyuma na huweza kumlemaza mtoto, hasa wiki ya 6 hadi ya 12, na hatari huongezeka dozi ikizidi miligramu 5 kwa siku. Heparini, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, haimfikii mtoto, lakini inamlinda mama kidogo kuliko warfarini, na ni sindano kila siku chini ya vipimo vya karibu. Wapo wanaojifungua salama na valvu ya kaboni. Wanazungukwa na timu.

Mdogo wangu nilimuuliza maswali matatu kwa simu. Mapigo? Yako sawa, wamepima. Puto? Wamesema haiwezekani kwa kuwa inavuja pia. Kupima INR? Akacheka: pikipiki hadi barabarani, kisha basi mbili, na mvua za masika zikianza pikipiki hazipandi. Halafu akakaa kimya kidogo, akasema, "Na mtoto nataka, kaka. Hata mmoja."

Nikamwambia ninavyoona: ya ng'ombe, akijua kabisa kwamba kabla hajafika 40 huenda akarudi kupasuliwa, na mtoto asingoje mpaka valvu ianze kuchoka. Daktari wake alikuwa na maoni hayohayo. Nilimpa na kazi moja. Kabla hajaruhusiwa aombe kadi ya valvu, ahakikishe imeandikwa aina na kipimo, kwa sababu siku ya kuingiza nyingine ndani yake kipimo cha ile ya kwanza ndicho kitakachoamua kama inawezekana.

Siku ya 9 baada ya upasuaji ikaingia picha kwenye simu yangu, kadi imeshikwa kwa vidole viwili juu ya shuka la hospitali. Milimita 29. Chini yake kaandika: "Itunze na wewe, mimi napoteza vitu."